Chagua Nguo ya Safari, Si Nguo ya Mlangoni

Ndugu msomaji, mwaka jana mwezi wa Juni nilisimama mbele ya akina mama na akina baba waliokuja kliniki ya watoto, nikawaambia hivi: "Baridi imeingia. Kila aendeshaye baiskeli alfajiri avae koti zito." Watu walinisikiliza kwa heshima, nami nikarudi chumbani kwangu nikidhani nimefundisha. Leo naandika ili kusahihisha maneno yale. Niliyasema kwa nia njema, lakini yalikuwa na upungufu mkubwa. Upungufu huo niliuona kwa macho yangu kabla mwezi haujaisha.

Ilikuwa asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Baba mmoja alifika zahanati akitokea upande wa Mwendakulima, anakanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Alivaa koti zito jeusi la mtumba, amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni. Nyuma yake, kwenye keria, alikuwa amembeba mtoto wa miaka miwili aliyefungwa kwa kitenge kiunoni mwa baba yake. Mtoto yule alivaa singlendi na kaptula tu. Alikuwa na homa tangu usiku. Nilipomgusa, kichwa kilikuwa cha moto, na nyayo zilikuwa za baridi kama jiwe la kisimani.

Nilimuuliza baba kwa ukali, "Baba, wewe una koti, na mtoto hana hata shati?"

Alinitazama kwa mshangao. Kisha akajibu kwa upole, "Daktari, si ninyi mliotufundisha? Mlisema anayeendesha baiskeli avae koti. Koti la nyumbani ni moja. Anayeendesha ni mimi."

Sikuwa na la kujibu. Tulimpima mtoto tukakuta ana malaria, akapewa dawa, na baada ya siku chache alipona. Lakini wakati akihudumiwa, baba yake alikaa kwenye benchi akisubiri, koti limelowa jasho ndani, naye akaanza kutetemeka hata meno yakagongana. Mwenye koti na asiye na koti, wote wawili walikuwa wakisikia baridi. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Nilifundisha habari za koti bila kufundisha habari za safari.

Maoni yangu ya leo ni haya. Mwendesha baiskeli asichague nguo kwa kufuata baridi anayoisikia akiwa amesimama mlangoni. Achague nguo kwa ajili ya safari nzima: jasho la njiani, upepo, jua la saa 4, na mvua inayoweza kumkuta. Na yule aliyebebwa achaguliwe nguo yake mwenyewe, kwa sababu hali yake ni tofauti kabisa, ingawa baiskeli ni moja.

BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI?

Wako watu wanaocheka ukiwaambia kwamba huku Buzwagi na Kahama kuna baridi. Wanadhani baridi ni ya Makete na Njombe tu. Ni kweli kwamba sisi hatupati baridi ya namna ile. Lakini nchi yetu iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai mbingu huwa wazi, na ardhi hupoteza joto lake usiku kucha. Alfajiri joto huweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ikifika saa 8 mchana, joto hilo huweza kukaribia nyuzi 30. Kwa hiyo mtu yule yule, siku ile ile, huondoka nyumbani akitetemeka na hurudi akitafuta kivuli.

Mvua zinapoanza, kuanzia mwezi wa Novemba, hali huwa ya namna nyingine. Asubuhi jua ni kali. Alasiri wingu jeusi hujikusanya, na baada ya muda mfupi mtu amelowa chapachapa. Mvua ikikatika huja upepo wa baridi, na nyumbani bado ni mbali.

Tena baiskeli yenyewe hutengeneza upepo. Hata kama majani ya miti hayatikisiki, mtu anayekwenda mwendo wa kilometa 15 kwa saa hupigwa na upepo wa mwendo huo huo. Upepo huo hupiga kifua, mikono na masikio, na huchukua joto la mwili.

Huenda ukasema kwamba siku hizi pikipiki ni nyingi. Ni kweli. Lakini watu wanaotegemea baiskeli bado ni wengi: wauza maziwa, wakulima wa mpunga waendao Kagongwa, wenye daladala za baiskeli, wachimbaji wadogo, wanafunzi, na wazazi wapelekao watoto zahanati. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Mgodi umefungwa, baiskeli haijafungwa.

KWA NINI KOTI ZITO LINADANGANYA

Mwili wa mtu anayefanya kazi ni kama jiko. Miguu inapokanyaga pedali, mwili huunguza chakula na kutoa joto jingi. Baada ya kilometa moja au mbili, yule aliyekuwa akitetemeka mlangoni huanza kusikia joto. Mwili nao hutoa jasho ili ujipoze. Jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa mtu akivaa koti zito, jasho halipati njia ya kukauka. Linalowesha shati, kisha linalowesha koti kwa ndani. Maadamu anakanyaga pedali, hasikii ubaya wowote, kwa sababu jiko linawaka. Lakini atakaposimama dukani, au kwenye foleni ya zahanati, au atakaposhuka mteremko bila kukanyaga, jiko linapungua moto. Nguo mbichi inaendelea kuchukua joto la mwili, na mtu hutetemeka hali ana koti. Hivyo ndivyo ilivyomtokea baba yule kwenye benchi letu.

Kwa hiyo shika kanuni hii. Ukiondoka nyumbani, usiwe umeshiba joto. Kubali kusikia baridi kidogo kwa dakika 10 za kwanza. Ukiondoka mlangoni ukiwa na joto la kukutosha, ujue njiani utakuwa umezidisha nguo.

JEZI YA BAISKELI INATUFUNDISHA NINI?

Labda umewahi kuona mnadani, katika marundo ya mitumba, shati fulani la ajabu. Lina rangi kali. Lina zipu kifuani. Mgongoni ni refu kuliko mbele, na nyuma kiunoni lina mifuko mitatu. Wengi hulipita wakicheka. Wengine hulinunua kwa ajili ya rangi yake tu. Hiyo ni jezi ya mashindano ya baiskeli. Katika mashindano ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903 huko Ufaransa, anayeongoza huvaa jezi ya njano tangu mwaka 1919. Zamani jezi hizo zilikuwa za sufu. Siku hizi nyingi ni za poliesta.

Sikuambii ufanane na watu wa mashindano. Wao hukimbilia zawadi, wewe umebeba gunia. Lakini waliobuni jezi hiyo walikuwa wakijibu maswali yale yale yanayokusumbua wewe. Zipu ni ya kufungua unapopanda kilima na kufunga unaposhuka. Mgongo mrefu ni wa kufunika kiuno unapoinama juu ya usukani. Mikono mirefu inayoshika vizuri kifundo cha mkono ni ya kuzuia upepo usiingie. Mifuko ya nyuma ni ya kubebea vitu visisumbue magoti. Kitambaa chepesi ni cha kulipa jasho njia ya kutoka. Ukiyafahamu mambo haya matano, unaweza kuyatafuta hata katika shati la kawaida la mikono mirefu.

NAMNA YA KUCHAGUA MNADANI

Kwanza, angalia kitambaa. Pamba nzito, kama ya suruali ya jinzi au ya sweta nene la pamba, hunywa maji mengi na hukauka polepole. Sisemi pamba ni mbaya. Sisi wenyewe ni wakulima wa pamba. Shati jepesi la pamba ni zuri sana kwa jua na kwa mwendo mfupi. Lakini kwa safari ndefu ya alfajiri, poliesta nyepesi au sufu nyembamba inafaa zaidi. Poliesta haishiki maji mengi na hukauka upesi. Sufu huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Kibandiko cha ndani huandikwa kwa Kiingereza. Usione haya, mwombe mwanafunzi wa sekondari akusomee. Ila kumbuka jambo moja: poliesta ikiguswa na moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Usiote moto karibu sana ukiwa umeivaa.

Pili, pulizia. Weka kitambaa mdomoni upulize. Kama pumzi inapita bila shida kama kwenye chandarua, upepo nao utapita hivyo hivyo. Kama pumzi haipiti kabisa, nguo hiyo inazuia upepo na mvua, lakini itafungia jasho ndani. Hiyo ni ya kuvaa mvua inaponyesha tu. Wewe tafuta kitambaa kinachopitisha pumzi kwa shida kidogo.

Tatu, livae shati, kisha nyosha mikono kama mtu aliyeshika usukani, halafu inama. Mikono ya shati ifike kwenye vifundo. Mgongo ufunike kiuno. Kwapani pasibane. Wengi hujaribu shati wakiwa wamesimama wima, wakifika njiani wanakuta kiuno kiko nje.

Nne, lifunguke mbele. Shati la vifungo au zipu ndefu ni bora kuliko la kuvaa kwa kupitisha kichwani, kwa kuwa utaweza kujipunguzia joto bila kulivua.

Tano, lisining'inie. Pindo refu, mkono mpana, mkia wa koti, kanga au kitenge kisichofungwa vizuri vinaweza kushikwa na spoki au mnyororo. Mtu akivutwa na gurudumu huanguka kabla hajajua kimetokea nini. Mama unayebebwa kwenye keria, kunja ncha za kitenge uzikalie.

Ukishanunua, lifue shati kwa sabuni kabla ya kulivaa, ulianike juani, na kama una pasi ulipige pasi. Hujui lilivaliwa na nani.

Shati hilo moja halitoshi kwa kila hali ya hewa. Lakini pia huhitaji kabati zima. Vaa fulana nyepesi ndani, shati la mikono mirefu juu yake, na chukua kitu cha tatu cha kuvaa na kuvua, kama vile kizibao au koti jepesi la nailoni. Kitu hicho cha tatu kivae unapoanza mteremko, unaposimama, au mvua inapokuja. Kivue unapoanza kupanda. Waendesha baiskeli wa mashindano huko Ulaya wana desturi ya kuweka gazeti kifuani, chini ya jezi, kabla ya kushuka mlima, ili kuzuia upepo. Gazeti hili nalo, ukishalisoma na kumsomea jirani, linaweza kufanya kazi hiyo. Litoe ukianza kutoka jasho.

ALIYEBEBWA NI NANI?

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Anayekanyaga pedali ana jiko linalowaka. Aliyekaa kwenye keria hana. Hafanyi kazi yoyote, ila upepo unampiga. Watu husema kwamba mgongo wa mwendeshaji humkinga aliyeko nyuma. Humkinga kidogo kifuani, lakini miguu, mikono na masikio hubaki nje. Na mtoto akikalishwa mbele, ndiye anayepokea upepo wote. Mwendeshaji naye, kwa kuwa mwenyewe anasikia joto, hudhani hata mwenzake anasikia joto. Hapo ndipo tunapodanganyika.

Kwa hiyo nasema: koti ni la anayekaa, shati ni la anayekanyaga. Kama nyumba ina koti moja, avae aliyebebwa. Baba yule alikuwa na koti la kumtosha mtoto kuanzia shingoni hadi nyayo. Yeye mwenyewe shati la mikono mirefu lingemtosha.

Mtoto mchanga ana hatari kubwa zaidi. Mwili wake ni mdogo, hupoteza joto upesi. Joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kama ni lazima asafiri, mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa amevalishwa nepi, kofia na soksi tu, kisha mama ajifunge kitenge na kuvaa nguo yake juu ya wote wawili. Uso wa mtoto uwe wazi na apumue vizuri. Mwili wa mama ni bora kuliko blanketi.

Mtoto mwenye homa anatutatiza. Wengine humfunika mablanketi mawili ili atoe jasho. Hilo ni kosa, maana linazidisha joto. Wengine humwacha wazi ili apoe, kisha wanampakia kwenye baiskeli alfajiri. Hilo nalo ni kosa. Mvalishe nguo kavu ya mikono mirefu, soksi na kofia, na umkinge upepo na mvua. Simama njiani umguse tumbo na nyayo. Tumbo likiwa la moto sana, mpunguzie nguo. Nyayo zikiwa za baridi, zifunike. Akiwa na uwezo wa kunywa, mpe anywe. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Wala usingoje jua lipande kama mtoto ana dalili za hatari. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu, huyo apelekwe mara moja. Mtoto mwenye kikohozi hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno. Kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, ni hatari kubwa. Katika hali hizo nguo isikucheleweshe. Mfunike kwa ulicho nacho, uende. Ukipata gari au pikipiki, usingoje baiskeli.

Nieleze pia jambo linalobishaniwa sana vijijini. Watu husema baridi huleta nimonia, na wengine husema huleta malaria. Nimonia huletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye mapafu. Malaria huletwa na mbu aina ya Anofelesi. Baridi peke yake haizai vijidudu wala mbu. Lakini mtoto aliye mgonjwa tayari, mwili wake una vita. Tukimwacha apigwe na upepo, tunamwongezea vita vya pili. Ndiyo maana nguo ya njiani ni habari ya afya.

MIKONO MIREFU INA KAZI NYINGINE

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Mwenye daladala ya baiskeli anayengoja abiria saa 2 usiku yuko nje ya chandarua. Shati la mikono mirefu, lisilobana sana, humpunguzia kuumwa. Shati si badala ya chandarua. Ni msaada wa saa zile ambazo chandarua hakipo. Mchana, mikono mirefu hukinga ngozi na jua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino jambo hilo si la hiari. Ni la lazima kila siku, pamoja na kofia pana.

Liko jambo la rangi. Barabara ya kutoka Isaka kupita Kahama hutumiwa na malori makubwa yaendayo Rwanda na Burundi. Katika mwezi wa Julai jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, na wauza maziwa huwa njiani tangu saa 11. Mtu mwenye koti jeusi juu ya baiskeli isiyo na taa haonekani. Dereva humwona akiwa ameshafika karibu. Chagua shati jeupe, la njano au la rangi ya chungwa. Lakini usidanganyike: gizani rangi peke yake haitoshi. Utepe unaorudisha mwanga wa taa, kama ule wa vizibao vya wafanyakazi wa barabarani na migodini, ndio unaoonekana kwa mbali. Shona vipande vya utepe huo mgongoni na kwenye mikono ya shati. Funga na kimoja kifundoni mwa mguu, kwa sababu mguu unaopanda na kushuka humwonyesha dereva kwamba mbele kuna baiskeli. Ukimvalisha aliyebebwa koti jeusi, utepe uwe mgongoni mwake, maana yeye ndiye anayeonekana kwanza kutoka nyuma.

Nawaambia pia ndugu zangu wa machimbo, wa duarani, wa karasha na wa mwaloni. Shati la kazi lisiwe shati la safari. Vumbi la mawe yanayosagwa hudhuru mapafu, na humfanya mtu apatikane na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Zebaki nayo hushika kwenye nguo. Ukirudi nyumbani na shati lile lile, halafu ukambeba mtoto mgongoni, umempelekea machimbo yako. Vua shati la kazi huko huko, ulitie kwenye mfuko, uoge, uvae shati safi, ndipo upande baiskeli. Shati la kazi lifuliwe peke yake, mbali na kisima na mbali na nguo za watoto.

"SINA FEDHA, DAKTARI"

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na sina haki ya kuyadharau. Lakini tazama tena. Sijakuomba ununue koti. Nimekuomba uhamishe koti ulilo nalo kutoka kwa anayekanyaga kwenda kwa anayekaa. Jambo hilo halina bei. Nimekuomba ufungue vifungo unapopanda kilima. Hilo nalo halina bei. Nimekuomba ubebe fulana kavu kwenye mfuko, uibadilishe ukifika uendako kabla hujakaa. Nadhani hakuna ushauri ulio rahisi kuliko huo, na ndio unaosaidia kuliko yote. Ukinunua, basi nunua shati moja jepesi badala ya koti la pili zito.

Wenye daladala za baiskeli wanaweza kufanya zaidi. Kila kijiwe kiwe na vizibao viwili vya utepe na koti moja safi la abiria mgonjwa au mama mwenye mtoto. Vijana wakichanga kidogo kidogo, mzigo hautakuwa wa mtu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi wa zahanati nasi, tunapofundisha, tumuulize kwanza anayetusikiliza ana nguo ngapi nyumbani, ndipo tumwambie avae nini. Mimi sikuuliza.

Baba yule alirudi mwezi wa Julai kwa ajili ya kliniki. Nilimsikia kabla sijamwona, akisalimia watu nje, "Mwangaluka!" Mtoto alikuwa kwenye keria amevaa koti jeusi, mikono ya koti imekunjwa mara tatu, na kofia ya sufu imefika machoni. Baba alivaa shati la mikono mirefu, la njano, vifungo viwili vya juu vimefunguliwa. Nilimgusa mtoto nyayo. Zilikuwa na joto. Baba akacheka, akasema, "Daktari, leo umekosa la kunigombeza."

Ndugu msomaji, kesho alfajiri kabla hujaondoka, simama kidogo mlangoni. Mwangalie atakayekaa nyuma yako. Mvalishe yeye kwanza, kisha uvae wewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, mtoto mgonjwa akibebwa kwa baiskeli alfajiri, huvaa nini? Na anayeendesha huvaa nini?

2. Kwa nini mtu mwenye koti zito huweza kutetemeka akisimama baada ya kuendesha baiskeli?

3. Kijiwe chenu cha baiskeli kinaweza kufanya nini ili waendeshaji na abiria waonekane gizani?